Kanga, ukili, mkonge au kofia: chumba cha sanaa ya nyuzi Tanga kianze na kipi?

Swali hili limenijia mara nne kwa sura nne. Mwalimu wa upande wa Pongwe ana darasa lililobaki wazi. Ndugu watatu wa Ngamiani wameachiwa nyumba na mama yao, na ndani yake sanduku ambalo hakuna anayethubutu kuligawa. Kikundi cha akina mama wa Makorora kimepewa chumba cha mbele na mfadhili wao. Na yupo mwenye nyumba ya wageni kule Raskazone, amechoka kutundika picha za simba ukutani wakati simba hajawahi kupita Raskazone.

Wote wanataka kitu kimoja: chumba kidogo cha makumbusho kinachokusanya sanaa ya nyuzi ya leo iliyoota kwenye ufundi wa jadi. Si vitu vya kale. Ni kazi zinazotoka mikononi mwa watu walio hai, juu ya msingi waliouweka mabibi zao. Na wote wanakwama palepale. Pesa ni kidogo, kabati ni moja, na kila mjumbe wa kamati ana shangazi yake anayesuka kitu.

Kamati nyingi humaliza ubishi kwa kusema "tuweke kidogo kidogo cha kila kitu." Mimi huwaomba wasifanye hivyo, angalau miaka mitatu ya kwanza. Vitu kumi vya fani kumi huonekana kama duka la zawadi. Misala kumi ya mikono kumi tofauti, yote ya ukili, yaani msuko wa majani, humfanya mgeni asimame na kuanza kulinganisha mwenyewe: huyu kabana, huyu kalegeza, huyu kaacha kona wazi makusudi. Kwa hiyo nimeweka hapa fani nne ambazo mtu wa Tanga anaweza kuzifikia bila kupanda ndege, nikazipima kwa vipimo vilevile.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni mizizi: ufundi huu umetoka wapi, na je, wenye nao wako karibu kiasi cha kuwaendea asubuhi na kurudi jioni? Cha pili ni hewa. Makumbusho ya nchi za baridi hulenga unyevu wa asilimia 50 hivi, usiopanda wala kushuka sana. Hapa kwetu mara nyingi unapita 70, na chumvi ya bahari juu yake. Kuna mchwa, mende, ukungu, na jua la kaskazi. Cha tatu ni gharama, nikimaanisha bei pamoja na nafasi, kwa sababu kuna vitu vya bei ndogo vinavyokula chumba kizima. Cha nne ni usanii: je, fani hii inampa msanii pa kusema jambo jipya, au atabaki kurudia kitu kizuri cha matumizi ya nyumbani? Mwisho naeleza inamfaa nani.

Kipimo cha tano sikukitenga kwa sababu kimeingia kote: daftari. Kazi isiyo na jina la aliyeitengeneza, mahali, malighafi, na maneno yake mwenyewe kuhusu alichofanya, ni kitambaa tu.

Kanga

Mizizi. Watu husahau kwamba kanga haikufumwa hapa. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, vile vitambaa vya mraba ambavyo hata jina lake ni la Kireno, wakazikata tatu tatu na kuunga safu mbili kuwa nguo moja ya leso sita. Wafanyabiashara walipoona mtindo huo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Zilitoka Ulaya, baadaye Japani na India, na baada ya uhuru tukawa na viwanda vyetu, kama Urafiki wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Maneno yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja hizi za Kirumi.

Basi ukiutafuta ufundi wa kanga Tanga, usiutafute kwenye mtambo. Uko kwa mvaaji. Uko katika kuchagua jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, kujua siku ya kulivaa na njia ya kupita nalo. Huu ni mji wa taarabu, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na fumbo hapa halihitaji kufafanuliwa.

Bibi mmoja wa barabara za Ngamiani alinifungulia sanduku lake la mbao. Harufu ya udi ilitoka kabla ya nguo. Akatoa doti moja iliyokunjwa mara nne, akaifungua taratibu juu ya kitanda. Pale kwenye mikunjo wekundu ulikuwa umegeuka waridi, na kona moja uzi ulikatika kwa kuguswa na ukucha tu.

"Hii uliivaa lini, bibi?"

"Siku moja, mwanangu. Nilipita nayo mlangoni kwa mtu, nikarudi nikaikunja."

Jina la kanga hiyo nimeliandika. Mlango ulikuwa wa nani hakunambia, na sikuuliza mara ya pili.

Hewa. Pamba ni mvumilivu. Adui wa kanga ni mwanga na mikunjo. Mwanga wa maonyesho usizidi luksi 50, yaani hafifu kama wa chumba chenye pazia zito, na nguo isikae ukutani mwaka mzima. Miezi mitatu, kisha ipumzike. Usikunje, viringisha. Na usifue kanga ya zamani kabla ya kujaribu: bonyeza kitambaa cheupe chenye maji kidogo kwenye kona, ukiona rangi imehamia acha kabisa.

Gharama. Ndiyo nafuu kuliko zote nne. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Bomba moja la plastiki lililovishwa bafta hubeba kadhaa, na mabomba kumi hukaa juu ya rafu moja. Ukinunua kwa mwenye sanduku usinunue kama mtumba. Mlipe nguo, na mlipe muda wa kukusimulia.

Usanii. Hapa pana mtego. Kanga hutoka kwa maelfu, na anayekusanya kanga peke yake anakusanya kiwanda. Sanaa ya leo inaanza pale mtu anapoichukua nguo hiyo na kuifanyia jambo: anafumua pindo, anashona jina lake mwenyewe juu ya lile lililochapwa, anakata mji, ile sehemu ya katikati, na kuacha tundu. Umbo la kanga linamsaidia, kwa sababu tayari ni ukurasa: pindo, mji na jina, sehemu tatu ambazo kila msomaji wa pwani anajua mahali pake. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner huko Uingereza mwaka 2017, ametengeneza picha nyingi kwa umbo hilohilo, maneno chini na mchoro katikati, nazo ni za rangi, hazivaliwi. British Museum ya London ina kanga kwenye mkusanyo wake. Ninyi hamtashindana nayo kwa wingi. Mlango wa yule bibi, lakini, hawanao.

Anayefaa. Familia yenye sanduku, shule, maktaba, na yeyote mwenye chumba kidogo na penseli iliyochongwa vizuri.

Ukili

Mizizi. Hapa hakuna mjadala. Mkindu na mkoma vimo mwituni na kando ya mito, wasusi wako Tongoni, Pangani, Bagamoyo na katikati yake, na watu wamelala juu ya kazi yao tangu kabla ya kitanda cha chuma. Ukindu hutoa kazi laini, mikeka na misala. Miyaa, majani ya mkoma, hutoa majamvi, makapu, kazi ngumu.

Nilikaa nusu siku barazani kwa msusi mmoja, na nataka kueleza nilichokiona kwa sababu kamati nyingi hununua ukili bila kujua wanaangalia nini. Majani yamechanwa kuwa chane, yamekaushwa, mengine yamechemshwa na rangi ya unga ya dukani. Kabla ya kusuka anazilowesha kidogo ziwe laini. Gumba la kushoto haliondoki kwenye ukili. La kulia linapeleka chane juu, chini, juu. Haangalii mikono. Anaangalia njia, anajua nani kapita na kabeba nini. Chane ikikaribia kwisha anachomeka nyingine chini yake, na ncha ya ile ya kwanza inabaki imetokeza upande wa nyuma kama nywele. Ukili unarefuka, anauviringisha kama gurudumu, kisha siku nyingine unashonwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, ile sindano kubwa, mpaka uwe mkeka. Zile ncha za nyuma hukatwa mwisho kabisa. Tangu siku ile nikipewa mkeka ninaugeuza kwanza. Nyuma ndiko msusi alikoandika haraka yake au subira yake.

Hewa. Jani ni mnyama mwingine. Likikauka sana linavunjika, likipata unyevu linaota ukungu, likikaa kwenye mwanga rangi zake hupauka upesi kuliko za kanga. Kosa langu mwenyewe: niliviringisha msala mzuri wa rangi tatu nikaufunga ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya masika, nikidhani nauokoa na mvua. Nilipoufungua mwezi wa sita ulikuwa na manyoya ya kijani. Nailoni hufungia unyevu ndani. Funga kwa bafta au marekani iliyofuliwa, inua kutoka sakafuni, na piga brashi laini kivulini kila baada ya wiki chache wakati wa mvua. Usianike juani kama unavyoanika wa nyumbani.

Gharama. Malighafi ni nafuu, kazi ni nyingi, na tabia yetu sokoni ni kulipia malighafi. Muulize msusi siku alizotumia, lipa siku. Nafasi ni tatizo la pili: mkeka mkubwa haukunjwi, na ukiuviringisha vibaya kingo hupasuka. Mikeka sita inahitaji ukuta mzima wa mabomba.

Usanii. Ukili unaweza kuwa bomba, ukuta, pazia, nyoka wa mita thelathini anayepanda darini. Hauna mwisho, na hiyo ndiyo tofauti yake na kofia nitakayoizungumza baadaye. Wasanii vijana wanaupenda. Hapa ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu mara nyingi msanii wa mjini huchora umbo, akampelekea mama wa kijijini asuke, na kadi ya ukutani ikaandikwa jina moja. Mimi siwezi kukubali kadi hiyo. Aliyesuka aandikwe, jina lake kamili na kijiji chake kama ameridhia, kwenye mstari uleule na aliyechora. Mtu akisema "yule ni fundi tu, msanii ni mimi," mwambieni asuke mwenyewe hatua mbili.

Kwa walio Bagamoyo fani hii ina faida ya ziada. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, iko palepale mjini, na kuwakutanisha wanafunzi wa sanaa na wasusi wa jirani hakuhitaji hata nauli.

Anayefaa. Kikundi chenye wasusi ndani yake, au chenye mtu aliye tayari kwenda kijijini mara kwa mara. Chumba kiwe na hewa inayopita. Kama chumba chenu kinavuja, ukili usubiri.

Mkonge

Mizizi. Sasa tunaingia kwenye fani ambayo wengine watasema haistahili kuwemo. Mkonge si wa mababu zetu. Uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani, kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa ilifika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yaliyoifanya nchi hii, miaka ya 1960, kutoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hadi kamba za nailoni zilipoangusha bei. Waliokata ni manamba waliotoka mikoa ya mbali na nchi jirani, na wajukuu wao ndio nusu ya watu unaopishana nao Ngamiani leo.

Kwa hiyo ufundi wa jadi uko wapi? Mimi huona uko kwenye kamba. Mvuvi wa hapa alisokota makumbi ya nazi muda mrefu kabla ya korona ya kwanza, mashine ya kuchambua mkonge, kuanza kuunguruma, na mkono uleule ukahamia kwenye singa za mkonge: kamba, brashi, vikapu, mazulia. Mizizi ni mifupi na ina uchungu ndani yake. Kwa sanaa hilo si kasoro.

Usanii. Naruka kipimo kimoja kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo mkonge unapozishinda fani nyingine tatu, na ni haki kulisema. Magdalena Abakanowicz wa Poland, katika miaka ya 1960, alifumua kamba kuukuu za mkonge, akazitia rangi na kufuma maumbo makubwa yaliyoning'inia kutoka darini, mengine mtu anaweza kusimama ndani yake. Mwaka 1965 alipata medali ya dhahabu São Paulo, Brazili. Maonyesho ya kila miaka miwili ya Lausanne, Uswisi, yaliyodumu kuanzia 1962 hadi 1995, yalijaa kazi za aina hiyo, na ndiyo yaliyoishawishi dunia kwamba kilichofumwa kinaweza kusimama kama sanamu. Nyuzi zenyewe ni hizi tunazozipita zimeanikwa kwenye nyaya njia ya Muheza. Kijana wa Tanga anayetafuta sanaa ya leo ambayo hakuna atakayemwambia "hii ni ya watalii" ana mzigo mzima nyuma ya nyumba.

Hewa. Mkonge hunywa unyevu, hukusanya vumbi, na hubadilika rangi kwenye mwanga. Hilo la mwisho nimelilipia. Nilitundika kipande kirefu kando ya dirisha la mashariki. Kaskazi mbili zilipopita, upande wa dirishani ulikuwa rangi ya chai ya maziwa na wa ndani bado ni mweupe wa maziwa matupu. Wageni walidhani ni ubunifu. Tundikeni kwa mti mrefu uliopitishwa kwenye mfuko ulioshonwa nyuma, uzito ugawanyike, misumari itararua. Na kumbukeni kwamba singa zinashika moto upesi, kwa hiyo mshumaa na udi wa kuchoma vibaki nje.

Gharama. Singa hapa ni za bei ndogo. Kazi yenyewe, ikiwa kubwa, inahitaji dari ndefu, watu wanne wa kuinua, na gari la kuisafirisha. Kazi mbili zinaweza kumaliza chumba.

Anayefaa. Mwenye ukumbi au ghala la zamani lenye dari ya juu. Shule ya sekondari yenye vijana wenye nguvu. Na mwenye nyumba ya wageni: kipande kimoja kikubwa mapokezini kinatosha kuondoa simba wote.

Kofia

Mizizi. Kofia ya mkono ni ya pwani nzima, kuanzia Lamu, kupitia Unguja, mpaka Komoro. Tanga iko katikati ya njia na wazee wake wanaijua tofauti ya kofia ya mkono na ya mashine kutoka ng'ambo ya barabara. Mchoro huchorwa kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, vinatobolewa vitundu vidogo, kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka kikaze. Ni mamia ya vitundu. Nyingi hushonwa na wanawake na kuvaliwa na wanaume, na hilo peke yake lingetosha kuwa onyesho.

Hewa. Ndogo, rahisi kulinda, ila ina siri: wanga. Kofia hufuliwa na kutiwa wanga isimame, na mende na wadudu wa vitabu hula wanga kwa furaha. Kabla ya kuiweka kabatini iloweshwe na kusuuzwa mpaka wanga utoke, ikauke kivulini, kisha ijazwe ndani kwa mpira wa bafta ili ishike umbo.

Gharama. Kipande kwa kipande ndiyo ghali zaidi, kwa kuwa kazi huchukua wiki nyingi, hata miezi. Nafasi ni karibu bure. Droo moja yenye kufuli hubeba kofia ishirini.

Usanii. Nitasema ukweli, mlango ni mwembamba. Umbo limefungwa, na mshonaji mzuri husifiwa kwa kutokukosea, hasifiwi kwa kuvunja mchoro. Nimeona njia mbili za kutoka: kuchukua mshono wenyewe na kuupeleka kwenye kitambaa kikubwa kisichovaliwa, au kukusanya michoro na majina yake kama mtu akusanyavyo mashairi. Njia ya pili hainihitaji nieleze kwa nini ni sanaa.

Anayefaa. Mwenye kabati moja, mkono mwangalifu, na urafiki wa muda mrefu na wazee wa msikiti.

Batiki sikuiweka. Si kwa dharau. Ni fani iliyokua sana hapa nchini kuanzia miaka ya 1970, na kwa darasa la watoto hakuna inayofurahisha kama nta ya moto na rangi. Ila sehemu kubwa ya inayouzwa hutengenezwa kwa jicho la mnunuzi wa hotelini, na kuichambua kunahitaji makala yake.

Mambo mawili kabla ya kuchagua

Namba na lebo. Kila kazi ipewe namba ya mwaka na mfuatano, kwa mfano 2025.1, iandikwe kwa penseli kwenye utepe wa pamba na kushonwa kwa mishono miwili pembeni. Pini hupiga kutu na kuacha doa, gundi huacha alama, selotepu huondoka na uzi. Namba hiyohiyo iwe kwenye daftari, na daftari lipigwe picha kwa simu kila mwezi.

La pili ni karatasi. Kununua kazi hakukupi haki ya kuichapa kwenye kalenda na fulana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inambakishia msanii haki hiyo mpaka aitoe kwa maandishi. Andikianeni siku ya malipo, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Msanii akifariki, watoto wake hawatakumbuka mlichoongea barazani.

Kuhusu wadudu, nawaomba msimwage dawa juu ya kazi. Ingiza kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa sawasawa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, itoe na uiache siku nzima kabla ya kufungua mfuko. Hapo tu ndipo nailoni inapofaa. Muuza samaki mmoja wa Deep Sea, hapa Tanga, alinikubalia kona ya friza yake, kwa sharti kwamba nisimwambie mtu kuna kanga za watu karibu na vibua vyake.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa na sanduku la mama na ndugu wasioelewana, anza na kanga. Piga picha kila moja ikiwa imefunguliwa, andika jina, waite wakubwa wa familia siku moja wasimulie, kisha mualike msanii mmoja afanye kazi mpya juu ya kanga mpya, akijibu moja ya zile. Za mama zisikatwe.

Ukiwa darasani na bajeti ya chaki, ningependa mkonge, kwa sababu malighafi mtaipata kwa kuomba na wanafunzi watajifunza kusokota ndani ya juma moja. Dirisha la mashariki lifunikwe. Kama mwalimu anayesimamia anatarajia kuhamishwa, chukueni kanga badala yake; mkusanyo wa mkonge ukikosa mtu wa kuuangalia huwa kiota cha panya.

Kikundi chenye wasusi watatu au zaidi kisitafute mbali. Ukili, na wasusi wenyewe wakae kwenye kamati ya kununua, maana wao ndio watakaogeuza mkeka na kuona kilichofichwa nyuma. Kikundi kisicho na msusi hata mmoja kijiulize mara mbili.

Nyumba ya wageni: kipande kimoja cha mkonge mapokezini, na droo ya kofia yenye kioo kama mnaweza kumudu. Msichanganye na duka. Mgeni akiuliza bei ya kilicho ukutani, mpeni namba ya simu ya msanii, kwa ruhusa yake.

Mwenye fedha ya kutosha lakini chumba cha mita tatu kwa tatu, kofia zitamfaa kuliko anavyodhani. Mwenye chumba kikubwa kinachovuja asianze na chochote, atengeneze paa.

Na kuna wale wasio na chumba kabisa, ambao huniandikia wakiomba radhi kana kwamba wamechelewa. Nunueni bomba la plastiki la inchi nne, mita moja na nusu. Fueni bafta kwa maji matupu, ikauke, mlivishe bomba. Daftari la jalada gumu, penseli mbili. Kisha muende kwa bibi yenu jioni, mpige hodi, mseme shikamoo, na mumuombe afungue sanduku.